Pistoni Zilizong'aa Mno

Mimi kazi yangu ni kung'arisha. Nimekaa mbele ya gurudumu la kitambaa miaka thelathini na mmoja, hapa hapa Ceper, katika kisiwa cha Java, na ukiona popote sufuria au kitasa cha alumini unachoweza kujitazamia ukichana nywele, huenda kilipita mikononi mwangu. Sijisifu. Haya, najisifu kidogo, maana nani atanisifia? Mume wangu Sarjono husifu ndege wake wa kuimba tu.

Kwetu tunaishi kwa moto. Wako wanaosubu chuma, wako wanaosubu alumini, wako wanaokereza, na sisi wa mwisho ndio tunaokivisha kitu sura kabla hakijamfikia mnunuzi. Kitu hutoka kwenye kalibu cheusi, kina makovu. Nikishakipitia, hata aliyekisubu hakitambui. Katika karakana ya Pak Harjito, yaani Bwana Harjito tajiri wetu, hakuna kilichovuka mlango bila kupita kwangu. Hiyo ilikuwa sheria. Haikuandikwa popote, na aliyeitunga ni mimi.

Halafu Danang akaleta leza.

Danang ni mtoto wa fundi kalibu aliyekuwa jirani yangu, marehemu sasa. Alikwenda kisiwa cha mbali cha Batam akafanya kazi viwandani miaka saba, akarudi ana miaka thelathini, na mke mjamzito, na wazo moja kichwani. Pistoni zetu za pampu za maji za dizeli, alimwambia Pak Harjito, zinakufa mapema kwa sababu ya mfereji wa juu, ule unaokaliwa na ringi ya kwanza. Ringi ni chuma, alumini ni laini, basi ringi inagonga mchana kutwa mpaka mfereji unapanuka na mashine inaanza kutoa moshi. Lakini mfereji huo ukipigwa mwanga wa leza, ngozi yake ya juu inayeyuka kufumba na kufumbua, kisha inaganda papo hapo, na kwa kuganda haraka namna hiyo inakuwa ngumu. Ndani pistoni inabaki ile ile, nyepesi. Ngozi tu ndiyo inayokomaa.

"Kama visigino vya Ngatmini," Pak Harjito akasema, na karakana nzima ikacheka. Nami, Ngatmini mwenyewe, nilicheka.

Pak Harjito ni mtu wa kupenda mambo mapya ingawa ana moyo mwepesi wa kuogopa. Alipata mashine iliyokwisha kutumika, kutoka kiwanda kimoja cha Surabaya kilichofungwa, na mwenye nayo akakubali kuichukua tena ikiwa haitafaa mpaka kuingia mfungo wa Ramadhani. Tukaifanyia dua. Tukapika wali wa manjano tukausimamisha kama mlima, tukachinja kuku, tukaweka maua juu ya mashine. Mnunuzi wa mji wa Semarang anayeunda pampu akatoa neno lake: atamtuma mtu wake ashuhudie pistoni zikipigwa leza, achukue sita, azifunge kwenye mashine zake na kuzikimbiza saa mia tatu. Zikifaulu, kazi ni yetu. Zikishindwa, tusimpigie simu tena.

Na zikishindwa, leza inarudi Surabaya na Danang anarudi Batam peke yake, mkewe Laras akabaki kujifungua kwa mama yake. Hilo kila mtu alilijua. Nami nilimpenda yule kijana. Nalisema mapema, kwa sababu niliyomtendea hayataonyesha hivyo.

Kazi ilianza vibaya. Pistoni ilishikwa na meno ya mashine ikawa inazunguka polepole, kichwa cha leza juu yake, gesi ikipuliza, nasi tukichungulia kupitia dirisha la kioo cheusi. Mfereji mmoja ulitoka na mkanda mzuri wa kijivu, sawasawa kama pindo la cherehani. Wa pili ulitoka na vitundu. Wa tatu mwanga uliteleza tu, ukaacha doa hapa na doa pale. Danang akapandisha nguvu, akashusha. Akapunguza mwendo, akaongeza. Akaanza kukonda.

Siku moja akaja mezani kwangu, akainua pistoni niliyotoka kuimaliza.

"Budhe," akasema. Karakanani wote huniita hivyo, mama mkubwa, hata wasio na undugu nami. "Alumini ukishaishika wewe inang'aa kweli. Mpaka mwanga wenyewe unaona haya kuingia."

Nikafurahi. "Bado hujaona kitu, mwanangu. Kesho nitazipitia mara mbili."

Akairudisha pistoni mezani. "Budhe asijichoshe."

"Nani kakwambia nimechoka?"

Kwetu kijana hamwambii mtu mzima kwamba amekosea. Anazunguka. Atazunguka hata mara saba, na mtu mzima mwenye akili ataona anazungukiwa nini, ajirekebishe mwenyewe, asiaibike mtu. Ndiyo adabu, na wanangu wanne niliwalea hivyo hivyo. Adabu hii ina kasoro moja tu: inataka mtu mzima mwenye akili.

Basi akazunguka. Wakati wa chakula cha mchana alitueleza wote, bila kumtazama mtu, kwamba kwa mwanga huu alumini ni sawa na kioo: ukiirushia sehemu kumi, tisa zinarudi. Ndiyo maana yeye huipaka unga mweusi, ule wa penseli, uliokorogwa na spiriti, ili mwanga ushike. Na unga huo unapenda mahali penye mikwaruzo. Nilisikiliza huku nakula tempe yangu, ile mikate ya soya, nikasema moyoni, apake basi, mimi yananihusu nini?

Kesho yake akazihamishia pistoni chumba cha leza, akaniletea vishikio vya taa vya msikiti. "Hivi vinataka mkono wako, Budhe." Nikavimaliza kwa siku mbili. Akaniletea vitasa. Nikamaliza. Kisha akaja Pak Harjito, anakuna shingo.

"Ngatmini, kwa nini usipumzike siku chache? Ukamlee mjukuu."

"Mjukuu ana mama."

"Aa, nilikuwa nasema tu."

Hapo nikaanza kuchemka. Nikaona, kumbe! Mashine imekuja, mwanamke mzee anasogezwa mlangoni kwa maneno matamu, anavishwa kilemba cha ukoka. Nikajiapiza kwamba hakuna pistoni itakayokwenda Semarang na uso mchafu nikiwa hai. Ikawa kila saa kumi, wenzangu wakishaondoka, nazitoa kwenye rafu ya Danang nazing'arisha. Hata ndani ya mfereji, mahali ambapo hakuna mng'arishaji mwingine hapa kwetu anayejisumbua napo: naingiza kamba ya pamba iliyopakwa nta, navuta huku na huku mpaka mfereji unatoa cheche za mwanga. Asubuhi nikizikuta zimefifia nalaumu unyevu, maana ilikuwa kipindi cha mvua. Jioni nazirudia.

Wiki tano tulikwenda hivyo.

Siku moja nikaamua kuuwahi huo unyevu. Niliswali alfajiri nikatoka, nikafika karakanani jua ndiyo kwanza linachomoza. Nikamkuta Danang amechuchumaa bombani, suruali imelowa magotini, karatasi ya msasa mkononi. Pistoni zangu zimepangwa sakafuni mbele yake. Alikuwa anaikwaruza moja kwa nguvu, kama mtu anayeondoa ukoko wa wali.

"Danang!"

Akasimama ghafla akaiweka nyuma ya mgongo. "Budhe. Umewahi leo."

"Unafanya nini na kazi yangu?"

"Nasafisha kidogo tu, Budhe."

"Unasafisha? Niliacha uchafu gani?"

"Hukuacha, Budhe. Hukuacha kabisa. Kosa ni langu."

"Kosa gani? Sema!"

Akainamisha kichwa. Maji yalikuwa yanachuruzika kutoka kwenye ile pistoni nyuma yake, nayasikia yakidondoka sakafuni. Angesema maneno matatu tu, ningekasirika, ningepiga kelele mpaka saa sita mchana, halafu ningeelewa. Hakusema. Akainama zaidi.

"Naomba radhi, Budhe."

Nikavua aproni yangu, nikaitupa juu ya gurudumu, nikaenda nyumbani.

Nilikaa siku tatu. Nilikuja kuambiwa baadaye kwamba katika siku hizo tatu leza ilifanya kazi kama ilivyoahidiwa. Pistoni tisa, mifereji tisa, yote imeshika. Pak Harjito alitaka kulia kwa furaha. "Mwache akae," alimwambia Danang. "Mwache tu Ngatmini akae mpaka mgeni aondoke." Alichohitaji Danang duniani ni mimi nisiwepo siku mbili zaidi.

Lakini kijiji kilikwisha kuuliza. Mama mwenye duka aliuliza, imamu aliuliza: mbona Budhe Ngatmini yuko nyumbani, kakosana na nani? Na Danang ni mtoto wa watu. Jioni ya siku ya tatu akaja kwangu na sukari na majani ya chai, akakaa kwenye ncha ya kiti kama mposaji.

"Nimekuja kuomba radhi, Budhe. Nilikukosea heshima."

Nikamgeuzia bega. Mume wangu alikuwa anawalisha ndege wake nyenje pale barazani. "Usikate tamaa, mwanangu," akasema. "Mimi naomba radhi tangu nilipooa, na bado sijajibiwa."

"Sarjono, angalia ndege wako!"

Danang hakucheka. "Mtu wa Semarang anakuja kesho kutwa," akasema. "Pistoni kumi na mbili mpya zimeshakerezwa. Naomba Budhe uzipitie."

Alilisema kwa kinywa chake mwenyewe. Macho yake yalikuwa kwenye mkeka, uso umetulia, umetulia mno. Nilidhani ni uso wa mtu anayejutia kosa. Mpaka leo nikiukumbuka uso ule chakula hakishuki. Alijua anachonipa. Alikuwa ananipa Batam, ananipa siku ya kuzaliwa mtoto wake, kwa sababu hakujua njia ya kumwambia mwanamke wa makamo ya mama yake kwamba kazi yake inaharibu.

"Haya," nikasema. "Nimesikia." Nikainuka kuchemsha maji, nikaitia sukari yake mwenyewe kwenye chai yake, na nilikuwa najiona mshindi.

Pistoni zile kumi na mbili ni kazi bora niliyowahi kufanya. Sitakana. Nilitumia kitambaa kipya, nta laini, na mifereji niliipitia kwa kamba tatu tofauti. Ukiiweka pistoni mezani ulikuwa unaona dari, feni, na pua yako. Nilipokumbuka yale ya bombani, nikazifungia kabatini mwangu na ufunguo nikautia kifuani. Nikampa asubuhi ile mgeni alipofika, mbele ya watu.

Danang akazipokea kwa mikono miwili. "Asante, Budhe. Nzuri sana."

Mgeni aliitwa Pak Tampubolon, Mbatak wa huko Sumatra kwenye ziwa lao kubwa. Mtu mnene, sauti ya kipaza sauti. Watu wa kwao husema lililo moyoni hata usipouliza. Alipiga chafya mlangoni akasema hewa yetu mbaya, akaonja kahawa akasema nyepesi, akamwangalia Pak Harjito akasema amezeeka. Yote kwa tabasamu, na hakuna aliyejua pa kuangalia.

Kupitia dirishani nilimwona Danang akiifuta pistoni ya kwanza kwa spiriti na kupaka ule unga mweusi. Unga ukatiririka kama unga wa mchele juu ya jani la mgomba. Akapaka tena. Akapuliza ukauke. Akakiinamisha kichwa cha leza kidogo, akasimama ameshika kitufe kwa muda, midomo inatembea. Alikuwa anaomba dua.

Pistoni ikazunguka. Mwanga ukashuka, na mara mlio mkali, tak! Moshi wa nta ukajaa chumbani, taa nyekundu ikawaka, mashine ikajizima yenyewe.

Danang akatoka na kipande cha kioo kilichopasuka katikati. Ni kioo kidogo cha kinga kinachokaa mdomoni mwa leza, hulinda yale ya ndani. "Mwanga umerudi," akasema taratibu. "Kimebaki kioo kimoja."

Pak Tampubolon akaitwaa pistoni, akaigeuza. Akajiona. Akarekebisha ukosi wa shati lake kwa kujitazama ndani yake, nadhani bila kukusudia.

"Nani ameing'arisha hii? Mnaupa mwanga kioo, hamjui utarudi ulikotoka? Unga gani utashika hapa? Hata inzi atateleza! Na nta imejaa mferejini, ndiyo huo moshi. Nani?"

"Mimi, Pak," akasema Danang.

"Wewe? Wewe mwenye leza?"

"Ndiyo, Pak."

"Basi kijana, hujui kazi yako."

"Ndiyo, Pak. Sijui."

Pak Tampubolon akachukua mkoba wake. Pak Harjito alikuwa anaangalia viatu. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na gurudumu langu, na yote yalinijia kwa mkupuo: mwanga unaoona haya, unga unaopenda mikwaruzo, vitasa, mjukuu, bomba, msasa, sukari. Wiki tano alikuwa ananiambia. Na sasa alikuwa anauza jina lake mbele ya mgeni ili langu libaki safi.

"Mwongo," nikasema.

Wakageuka wote.

"Ni mimi. Nimeing'arisha mimi, na zile kumi na moja mimi, na zote za nyuma. Yeye alikuwa akiamka alfajiri kukwaruza nilichofanya jioni. Nami nikamfokea kwa hilo. Yeye anaijua kazi yake, Pak. Mwenye ujinga ni mimi."

"Budhe, usi..."

"Nyamaza, umenyamaza vya kutosha!" Ndivyo nilivyosema, na haina maana, najua.

Pak Tampubolon alitutazama mmoja mmoja. "Sasa kijana, kwa nini hukumwambia?"

Nikajibu mimi. "Kwa sababu mimi ni mkubwa."

"Mungu wangu!" Akatua mkoba. "Watu wa Java! Nyinyi nyumba itaungua, na mtoto atamwambia baba, naona leo kuna joto kidogo. Mficha uchi hazai, jamani! Treni yangu saa tisa. Nataka sita. Na hiyo kahawa, nitieni nyingine, nzito."

Zilikuwa zimebaki saa nne na kioo kimoja. Nilizibeba zile kumi na moja kwenye karai, nikaenda bombani, nikachuchumaa pale pale alipokuwa amechuchumaa yeye. Nikaziosha nta kwa spiriti, nikachukua msasa.

Sijui nikueleze vipi. Mkono wangu haukutaka. Miaka thelathini na mmoja umejifunza kuondoa mkwaruzo, na sasa naulazimisha kuutia. Pistoni ya kwanza niliikwaruza nimefumba macho. Nilipoyafumbua ilikuwa imekufa, kijivu, uso wa mtu mgonjwa. Nikaipeleka. Danang akapaka unga, na unga ukashika, mweusi tii. Mwanga ukashuka, na safari hii haukupiga kelele. Ulitambaa mferejini taratibu, na nyuma yake ukaacha mkanda.

Pak Tampubolon akaukwangua kwa ncha ya chuma. "Mm," akasema. Kwa mtu kama yule, hiyo ni hotuba.

Ya pili ikashika. Ya tatu ilitoka na kitundu akaikataa. Ya nne, ya tano na ya sita zikashika. Ya saba na ya nane akazikataa tena. Tano zilikuwa zimelala kwenye kitambaa, na saa nane ilikuwa imepita. Vidole vyangu vilikuwa vimechubuka. Nikamaliza ya tisa, nikaipangusa kwa ncha ya kanga yangu nikampa.

Aliichukua, akaisogeza chini ya taa, na nikauona uso wake ukitulia.

Niliujua uso ule. Ni ule wa jioni ile nyumbani kwangu. Nikatazama anapotazama, nikaona: mkono wangu, kwa mazoea yake, mwishoni ulikuwa umeingiza kanga mferejini na kuvuta, mara moja, mara mbili. Ndani kulikuwa na mstari unaong'aa, mwembamba, umezunguka nusu ya pistoni.

Danang akaichukua brashi ya unga.

Pak Harjito akaona, akatazama dari. Nilijua nifanye nini. Mtu mzima mwenye akili angesema, hebu nipe, nimekosea, na mambo yangekwisha vizuri na kwa adabu. Sikusema. Nilinyamaza makusudi, kwa sababu nilitaka kumsikia. Nilijiambia: akisema leo, atasema na kesho, na mashine hii itakaa hapa hata mimi nisipokuwepo. Asiposema, leza haina kazi kwetu, irudi tu Surabaya. Nacho kioo ni kimoja.

Aliitumbukiza brashi kwenye unga. Akaiinua. Ikabaki hewani.

Akaiweka chini.

"Budhe."

"Naam."

"Hii..." Shingo yake ilikuwa imepata jasho. "Hii bado. Inang'aa pale ndani. Haifai, Budhe. Rudia."

Hata wakerezaji walikuwa wameacha mashine zao. Nami niliona joto likinipanda kutoka shingoni mpaka masikioni, sitasema uongo, liliniuma, liliniuma sana. Na chini ya maumivu yale kulikuwa na kitu kingine ambacho sikukitambua mara moja. Mtu wa mwisho kuniambia "rudia" alikuwa mama yangu mzazi, na mama yangu amekufa mwaka wa ishirini sasa. Tangu hapo wote wameniambia "nzuri sana, Budhe", na nilikuwa nimesahau kwamba kuna namna nyingine ya kupendwa.

Pistoni ile ya tisa ndiyo waliyoifungua kwanza kule Semarang baada ya saa mia tatu, na ringi ilikuwa bado imekaa imara mferejini mwake. Hayo tuliyasikia mfungo ulipokaribia, siku chache kabla Laras hajajifungua, na Danang alikuwepo. Lakini siku ile sikuyajua. Siku ile niliipokea kutoka mkononi mwake, nikarudi bombani, nikairudia huku nalia, wala sikujali nani ananiona.